Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago: Ukumbi wa Hull-House Upewe Wageni

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Nakuandikia kuhusu Hull-House, nyumba ya matofali mnayoitunza barabara ya Halsted. Charles Hull aliijenga mwaka 1856. Jane Addams na Ellen Gates Starr walipohamia humo Septemba 1889 ili waishi na kuwahudumia majirani wahamiaji, mtaa ulikuwa umejaa Waitaliano, Wajerumani, Waayalandi na Wayahudi waliotoka Urusi na Poland.

Krismasi ya kwanza wenyeji wa nyumba waligawa peremende, na wasichana kadhaa wadogo wakazikataa. Walikuwa wamefanya kazi katika kiwanda cha peremende wiki sita, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Hawakutaka hata kuziona.

Kisa hicho hunirudia kila nipitapo pale, kwa sababu waliokisikia hawakuishia kusikitika. Florence Kelley, aliyekuja kuishi humo, alichunguza kazi za viwandani na majumbani, na mwaka 1893 Illinois ikapitisha sheria ya kuzuia watoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa viwandani. Yeye mwenyewe akawa mkaguzi mkuu wa viwanda. Takataka zilipofurika vichochoroni, Addams alikubali kazi ya ukaguzi akawa anaamka alfajiri kuyafuata magari ya taka. Tuzo ya Nobel ya Amani aliipata mwaka 1931, lakini mimi namheshimu zaidi kwa zile alfajiri.

Nyumba ile ilikua ikawa majengo 13. Miaka ya 1960 chuo kilihitaji ardhi. Florence Scala, binti wa mtaa ule ule, aliwaongoza majirani kupinga, wakafika hadi mahakamani, wakashindwa mwaka 1963. Yamebaki majengo mawili: nyumba ya Hull na ukumbi wa kulia chakula. Sikuandikii kufufua kesi hiyo. Hata hivyo, madarasa yenu yamesimama palipokuwa na nyumba za watu, na naamini hilo ni deni.

Makumbusho mnayoyatunza ni kazi njema, naishukuru. Ila shirika lililorithi huduma za Hull-House lilifungwa Januari 2012, na watu hawajaacha kuhamia Chicago. Mimi mwenyewe nilifika hapa nikiwa na barua mkononi nisiyoielewa, nikaitembeza siku mbili nikitafuta wa kunisomea. Aliyenisaidia alikuwa mwanamke niliyekutana naye kituo cha basi. Haifai mtu ategemee bahati ya namna hiyo.

Ombi langu ni jioni moja kila wiki katika ukumbi ule wa chakula, kwa ajili ya wageni wapya. Pawe na meza ya kusomewa barua za mahakama na za mwenye nyumba, meza ya kujifunza Kiingereza, na mtu wa kukaa na watoto ili mama aweze kusoma. Chuo chenu cha ustawi wa jamii kinabeba jina la Jane Addams. Wanafunzi wake wangejifunza mengi mezani hapo, na saa zao zihesabiwe kama sehemu ya masomo. Wageni waulizwe kwanza wanahitaji nini, kabla ya ratiba kupangwa.

Niko tayari kutafsiri Kiswahili jioni ya kwanza, na nyingine zitakazofuata. Nasubiri jibu lako.

Wako kwa heshima,
Mhamiaji, mkazi wa Chicago