Barua kwa rafiki: je, mhasibu ajifunze kuandika programu?

Kijitonyama, Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, tunahangaika na joto na foleni tu. Barua yako niliipata, na sikutaka kuijibu kwa pupa, kwa kuwa kuahirisha mitihani ya CPA, ile ya kupata cheti cha uhasibu, ili ukae miezi sita ukijifunza kuandika programu si jambo dogo kwa mtu mwenye familia.

Usiahirishe. Programu jifunze, ila kwa kiasi, kwa sababu kazi za fedha za hapa mjini haziko kama zinavyosimuliwa mitandaoni. Habari za vijana wa New York na London wanaoandika programu za kununua na kuuza hisa ndani ya kufumba na kufumbua ni za kweli, lakini ni za masoko mengine. Soko letu la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, kampuni zilizoorodheshwa hazijafika hamsini, na zipo hisa ambazo siku nzima hupita bila kupata mnunuzi. Dalali wa pale anahitaji zaidi kujua kusoma mizania na kumweleza mteja kwa nini bei ya hatifungani (hati ya kuikopesha serikali au kampuni) hushuka riba inapopanda.

Utaalamu wa kuandika programu unahitajika kweli huku nyuma ya kaunta, kwenye miamala. Chukua kazi ya mwisho wa mwezi ya kulinganisha hesabu za benki na za kampuni ya simu. Jedwali moja la Excel hubeba mistari 1,048,576, si zaidi, na miamala ya simu inaweza kuvuka hapo kwa urahisi. Tena ukilifungua faili bila uangalifu, namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake, na namba ya kadi yenye tarakimu 16 huharibika kabisa, kwa kuwa Excel hutunza tarakimu 15 tu na ile ya mwisho huigeuza sifuri bila kukuambia. Upande mmoja simu ya mteja imeandikwa kwa 0754, upande wa pili kwa 255754. Muamala uliofanyika dakika moja kabla ya saa sita usiku huku umeingia tarehe 30 na kule tarehe 31. Nimewaona wahasibu hodari wakikesha wakitafuta tofauti ambayo kwa mistari michache ya SQL (lugha ya kuuliza na kuchota data) na Python (lugha ya kuandika programu) ingejitokeza kabla ya chai ya saa nne.

Hata hivyo, anayeandika mistari hiyo lazima kwanza ajue kwamba muamala ulioshindikana na kurejeshwa huacha maingizo mawili, na kwamba kufuta moja ni kuvuruga vitabu. Hilo ni somo la uhasibu. Kijana wa TEHAMA asiyelijua ataandika programu safi yenye jibu la uongo.

Hata wakubwa hukwama hapo. Mwaka 2012 benki ya Marekani ya JPMorgan ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara zilizoendeshwa na ofisi yake ya London, na ripoti ya benki yenyewe ilionyesha kwamba kipimo kimojawapo cha hatari kilikokotolewa katika majedwali ya Excel yaliyojazwa kwa kunakili na kubandika kwa mkono, tena fomula mojawapo ikigawanya kwa jumla ya namba mbili badala ya wastani wake, hivyo hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Mtu wa kuajiriwa, kwa maoni yangu, ni yule anayeweza kuifungua fomula ya namna hiyo na kuuliza kwa nini imeandikwa vile.

Kwa hiyo anza na SQL, kwani historia ya mikopo ya benki imo kwenye kanzidata (hifadhi ya data ya kompyuta), na tangu tarehe 1 Januari 2018, kanuni za kimataifa za uhasibu ziitwazo IFRS 9 zilipoanza kutumika, benki hukadiria hasara ya mkopo hata kabla mteja hajaacha kulipa. Asiyeweza kuichota historia hiyo mwenyewe hubaki akiisubiri idara nyingine. Python ifuate, hasa pandas, zana yake ya kuchambua majedwali ya data, ambayo Wes McKinney aliianza mwaka 2008 akiwa katika kampuni ya uwekezaji ya AQR. Zote mbili ni za bure, kwa hiyo ada ambayo ungelipia mafunzo ya miezi sita itunze. Kutengeneza tovuti na programu za simu waachie wenyewe.

Ukija kwa mitihani ya Novemba, fikia kwangu. Nitakuandalia faili la miamala ya kubuni, maana ya wateja hairuhusiwi kutoka ofisini, nawe uje na kompyuta yako.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote