Risala ya Kamati ya Maktaba ya Watoto kwa Mgeni wa Heshima, Majengo, Mombasa

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, wazee wa mtaa, maustadhi na walimu, kina mama wa chama, wazazi wenzetu na watoto wetu wapenzi: Assalaamu alaykum, na hamjambo nyote. Itifaki imezingatiwa.

Karibu Majengo, Mheshimiwa. Tunajua ratiba yako ilivyojaa, na kuja kwako kumetupa moyo mkubwa.

Maktaba hii ilianza kwa mkeka mmoja na katoni mbili za vitabu, barazani kwa mzee wetu mmoja, Mungu amrehemu. Leo ina chumba, rafu tatu, feni, na watoto zaidi ya 60 kila Jumamosi. Watoto wetu walishika nafasi ya pili katika kusimulia hadithi baina ya shule za jirani, na tunathubutu kusema kuwa kwa bidii ya kusoma hakuna mtaa Mombasa nzima unaotushinda. Mengine utajionea mwenyewe. Lililotufanya tukualike ni moja.

Mheshimiwa, vitabu vyetu vya picha karibu vyote ni vya msaada, vilivyoshushwa Kilindini kutoka ng'ambo. Tunawashukuru waliovituma. Lakini fungua chochote utakachokigusa: nyumba ina bomba la moshi juu ya paa, nje theluji, ndani baba, mama, watoto wawili na mbwa amelala juu ya zulia la sebuleni. Mtoto mmoja wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, alimuuliza mwalimu, "Hawa wakitaka kuswali, mswala wanautandika wapi?" Aliuliza kwa dhati, na mwalimu hakuwa na la kumjibu.

Watoto walioketi mbele yako wanatoka nyumba za kila namna. Yuko anayelelewa na bibi anayeamka saa tisa usiku kukanda unga wa mahamri. Yuko ambaye baba yake ni kibarua wa bandarini, analala mchana, na nyumba nzima hunong'ona. Yuko wa baba mwenye mkokoteni wa maji, yuko wa wake wenza wawili wanaopika jiko moja, yuko wa chumba cha kupanga ambamo pazia ndilo ukuta. Yuko asiyesikia, na ndugu zake humsemesha kwa mikono. Na wako, si wachache, ambao mama zao wako Saudia kazini, malezi yao huja kwa simu. Hizi zote ni nyumba kamili, Mheshimiwa. Vitabuni hazimo.

Mwaka 1990 Profesa Rudine Sims Bishop wa Marekani aliandika kuwa kitabu ni dirisha la kuchungulia maisha ya wengine, na pia ni kioo cha kujitazama. Aliwafikiria hasa watoto weusi wa kwao, waliosoma vitabu visivyo na sura zao. Madirisha tunayo tele. Kioo ndicho tunachokosa.

Wala hatukukaa tukingoja. Tulipakua hadithi za African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ambazo mtu huruhusiwa kuzichapa bila kulipia haki. Zimetufaa sana, ingawa tulizozipata zaidi ni za shamba na mifugo. Kwa hiyo wazazi wakakaa, wakasimulia, walimu wakaandika, na kijana wetu anayechora tuktuk akachora. Hadithi 8 ziko tayari. Moja tuliitoa fotokopi na kuishona kwa uzi, na pembe zake zimeshalika kwa kupita mikononi. Ina picha ya kamba ya nguo uani, imeanikwa dera la maua ya manjano. Mvulana wa miaka mitano aliweka kidole juu ya dera lile akakataa ukurasa usifunuliwe. "La mamangu," akasema. Mama yake ana mwaka wa pili hayupo.

Sasa, Mheshimiwa, tutasema kwa adabu, lakini tutasema. Mgeni aliyekutangulia alisimama papo hapo ulipo, akashika kitabu hicho hicho, akaahidi kuvichapisha vyote kabla ya Ramadhani. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Ramadhani mbili zimepita. Tulipofuatilia tuliambiwa faili iko mezani, kisha mwenye meza amehamishwa. Kwa kuitegemea ahadi ile tulikopa chamani kununua rangi, na kina mama hawa wanatudai mpaka leo. Watoto nao huuliza kila Jumamosi, na tumechoka kuwaambia "karibuni".

Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, kwa hiyo tunaamini tunabisha mlango unaofaa tukikuomba utusemee huko. Hatuombi viti, hema wala rangi ya ukuta. Tunaomba hadithi 8 zichapwe, nakala 100 kila moja, kwa jalada gumu, maana jembamba halimalizi muhula mikononi mwa watoto. Mpiga chapa wa mjini ametupa hesabu ya Sh240,000, na karatasi yake imo katika bahasha uliyopewa.

Katibu wetu sasa atakuletea kitabu cha wageni. Ukurasa wa kushoto una ahadi ya mwenzako, kwa mkono wake. Wa kulia tumekuachia wewe. Tunakuomba uandike kiasi, na tarehe.

Ahsante sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi, Kamati ya Maktaba ya Watoto, Majengo.