Mama, paa liezekwe kabla ya mvua

Portsmouth, Uingereza, Jumapili usiku

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam aleikum wewe na wote hapo nyumbani. Mimi mzima. Kifua kimepona, usimsikilize Zuhura.

Ujumbe wa sauti wa Ami nimeusikiliza mara tatu. Sikumjibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mkubwa hajibiwi kwa hasira. Nakuandikia wewe umsomee baada ya Isha, wote mkiwapo. Asema pesa za mabati nirudishiwe, ati ni za ulevi, haziwezi kuezeka nyumba ya marehemu baba.

Mama, mahali nifanyapo kazi ni baa, sikatai. Lakini mimi ni mtu wa jikoni. Wallahi sijamimina glasi hata moja. Nguruwe hupikwa, sikufichi, ila si kwa mkono wangu. Tuliafikiana hivyo siku niliyoajiriwa. Watu huja na watoto na wazee wao, wakala samaki na chipsi huku wakitazama meli. Na Ami alipotaka nimsaidie arusi ya mwanawe, hakuuliza pesa zatoka jikoni gani. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko neno lolote alilosema.

Laiti angekuja akaona! Mtaa wenyewe waitwa Spice Island, kisiwa cha viungo, na watu wa hapa husema ni kwa shehena za viungo zilizokuwa zikishushwa gatini. Kando yetu pana mnara wa mviringo wa mawe ulioanza kujengwa mwaka 1418, umeitangulia Ngome yetu ya Mombasa, Fort Jesus, kwa miaka 175. Zamani mnyororo mzito ulivutwa kutoka hapo hadi ng'ambo, Gosport, kuzuia meli za maadui. Siku hizi ni feri tu inayovuka, dakika chache imefika. Kila nikiiona naikumbuka ya Likoni, tulivyokuwa tukibanana, nawe umenishika mkono usiniachie.

Nikienda kazini hupita kanisa la kale la wanajeshi. Mwaka 1941, wakati wa vita, lilipigwa mabomu ya moto, paa la ukumbi wake mkubwa likateketea na halijarudishwa mpaka leo. Kuta zimesimama, mvua yanyesha ndani. Watalii hulipiga picha. Mimi nakiona chumba chako, na lile beseni juu ya kitanda.

Katika mji huu huu, mwaka 1662, mfalme Charles II alimwoa binti wa Kireno, Catherine wa Braganza. Mama, wakati huo Wareno bado wameikalia Ngome yetu! Mpaka 1698 ndipo Waomani walipowatoa. Niliwaeleza wenzangu jikoni, hakuna aliyejua. Nilijiona mwalimu.

Sasa habari njema, na hii isome kwa sauti. Ijumaa ni siku yangu. Mwenye baa alionja samaki wa kupaka niliyejipikia, akaniambia nimpikie na wateja. Tui ni la mkebe, ukwaju naununua duka la Wahindi, lakini mkono ni wako. Ubaoni mlangoni wameandika kwa chaki: samaki wa Mombasa. Ijumaa iliyopita alikwisha kabla ya saa mbili usiku, na mzee mmoja, baharia mstaafu, alikuja hadi mlango wa jikoni kunipa mkono. Nilitaka kumwambia jina lako, sauti ikakwama.

Chumba ninacholala kinatosha. Baridi ipo, nimezoea.

Basi, Mama, pesa zisirudi. Mwite yule fundi aliyeezeka kwa Mama Swaleh. Mabati yawe geji 28, asikubali 30, chumvi ya bahari itayala upesi. Boriti ya upande wa kisimani aitazame kwanza, ilikuwa imeanza kuliwa na mchwa tangu baba yupo. Kazi ianze wiki hii, mvua hazingoji ugomvi wetu. Na Ami ndiye akae na fundi, ahesabu misumari, risiti zote azishike yeye. Ndiye mkubwa wa nyumba, sitaki lifanywe nyuma ya mgongo wake.

Nitapiga simu Alhamisi, baada ya Magharibi yenu. Mwambie awepo.

Mwanao