Kondoo Mmoja wa Daudi: Barua kwa Vijana Wanaojadiliana Biblia na Kurani

Wanangu,

Assalaam alaykum kwa mlio Waislamu. Bwana asifiwe kwa mlio Wakristo.

Nawaandikia kwa kuwa nawapenda, na kwa kuwa majadiliano yenu nayasikia. Kila mnapozungumzia manabii mnaishia palepale. Mwislamu anauliza: vipi nabii wa Mungu alewe, vipi azini? Mkristo naye: vipi kitabu kilichokuja karne nyingi baadaye kikisahihishe kilichotangulia? Sauti zinapanda, mnaachana, na kila mmoja anaondoka akijihesabu mshindi.

Mimi ni Mwislamu. Nilipokuwa na umri wenu nilimwuliza mzee mmoja wa Kikristo, mbele za watu, kwa nini wanamchafulia jina Nabii Daudi. Kisa cha Bathsheba, mke wa Uria, ambaye Biblia inasema Daudi alizini naye kisha akapanga mumewe auawe vitani, nilikishika kama fimbo. Mzee hakubishana nami. Alifungua Biblia yake, Zaburi ya 51, ukurasa umelainika kwa kushikwashikwa, akanisomea polepole: "Ee Mungu, uniumbie moyo safi." Akaniambia kwamba maneno hayo huyasoma usiku akiwa peke yake. Nikakosa la kusema. Kitabu cha Pili cha Samweli nilikuwa nimekisoma sura ya 11 tu, penye dhambi. Ya 12 sikuwahi kuifungua.

Na ya 12 ndiyo yenye roho ya kisa. Nabii Nathani anamwendea mfalme na habari ya maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, akila tonge la bwana wake, akinywea kikombe chake, akilala kifuani pake. Tajiri mwenye mifugo tele anamchukua kondoo yule ili amwandalie mgeni. Daudi anawaka hasira, anaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa. Nathani anamjibu: "Wewe ndiwe mtu huyo."

Sasa fungueni Sura Saad, kuanzia aya ya 21. Watu wawili wanaruka ukuta na kumwingilia Daudi katika ibada yake, naye anashtuka. Mmoja anasema ndugu yake ana kondoo 99, yeye anaye mmoja, na huyo mmoja pia anatakiwa. Daudi anatamka hukumu papo hapo, kisha anatambua kwamba amejaribiwa, anaanguka kusujudu na kutubu. Bathsheba hatajwi, Uria hatajwi. Kondoo yule mmoja yupo.

Kosa lilikuwa nini, basi? Wafasiri wetu hawakuwa na jibu moja. At-Tabari, aliyefariki mwaka 923, aliyanukuu masimulizi yanayofanana na habari ya Uria. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, aliona nyingi ya habari hizo zimetoka katika simulizi za Wana wa Israeli, akashauri tutosheke na aya zenyewe. Wapo pia waliosema kosa la Daudi ni kuhukumu baada ya kumsikia mlalamikaji mmoja, na wa pili hajafungua kinywa. Tafsiri hiyo ndiyo inayonigusa kuliko zote. Mimi mwenyewe nilimhukumu yule mzee namna hiyohiyo.

Hapa ndipo panapotutofautisha, na wala si jambo dogo. Kwa Mwislamu, nabii ni kiigizo. Wanazuoni wanaita kuhifadhiwa kwake asitende dhambi isma, ndiyo maana masikio yetu yanakataa kusikia kwamba Nuhu alilewa, kama inavyosimuliwa katika Mwanzo 9. Visa katika Kurani vinakuja vipandevipande, kila kipande kikiwa na kazi yake. Sura Hud, aya ya 120, inamwambia Mtume wazi kwamba anasimuliwa habari hizo ili moyo wake uthibitike. Biblia inasimulia agano la Mungu na watu, na watu hao inawaonyesha na madhambi yao, ili ionekane aliyelishika agano ni Mungu. Anayemdai Mkristo kwa kipimo cha isma anamdai deni asilokopa. Na Mkristo anayeona Kurani "imesahau" sehemu ya hadithi anatafuta historia ya ukoo mahali palipokusudiwa mawaidha.

Mtazameni Ibrahimu. Katika Mwanzo 22, Isaka anapanda mlima na kuni mgongoni, anauliza: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Hajui. Wakristo wengi wanaona katika zile kuni kivuli cha msalaba. Katika Sura as-Saffat baba anamweleza mwanawe ndoto na kumwuliza anaonaje, kijana anajibu atende alivyoamriwa. Anajua, na amekubali. Nyinyi mnagombania jina tu, Isaka au Ismaili, ilhali aya za dhabihu zenyewe hazikutaja jina, na at-Tabari huyohuyo aliona ni Is-haka, ingawa Waislamu wengi leo tunasema Ismaili. Jina lina uzito wake, silipuuzi. Lakini mtoto asiyejua na mtoto aliyekubali, hapo pana mengi zaidi ya kuzungumza, nami sijawahi kuwasikia mkiyazungumza.

Siwaombi mfiche tofauti. Kuhusu msalaba na kuhusu Isa kuwa Mwana wa Mungu, hatusemi kitu kimoja. Wasimulizi wa sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, wanaeleza kwamba Jaafar bin Abi Talib, aliyekimbilia Uhabeshi na Waislamu wenzake, alisoma Sura Maryam mbele ya Najashi, mfalme Mkristo wa nchi hiyo, na mfalme akalia. Kesho yake Jaafar aliulizwa waziwazi Waislamu wanasema nini juu ya Isa. Alisema ukweli wa imani yake bila kuupunguza, na bila tusi. Wakimbizi wale walibaki salama katika nchi ile.

Mkikutana tena, badilishaneni vitabu. Mwislamu asome Yona, sura zote nne. Mkristo asome as-Saffat, aya ya 139 hadi 148. Kote mtamkuta mtu aliyechoka na mmea unaomfunika. Kote mtakuta umati wa watu, zaidi ya 120,000 huku, laki moja au zaidi kule. Kurani inamalizia kwa watu walioamini, Biblia inamalizia kwa swali la Mungu ambalo Yona halijibu. Ulizaneni kwa nini, na kila mmoja amwache mwenzake amalize kusema.

Mzee wenu, anayewaombea.