Barua kwa mwanangu aliyepata ustelingi

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani Tanga. Mama yako hajambo, mguu umeanza kunywea, na bibi yako anauliza kila siku kama huko Dar unakula ugali au unashindia chipsi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jioni, nikausikiliza tena mama yako alipolala. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa napandisha sauti, mwishowe tunamaliza salio bila kuelewana.

Nimekuelewa hivi. Umepewa ustelingi wa kike kwenye filamu ya mapenzi na vichekesho, kushuti kunaanza mwezi ujao, na unataka kuacha famasia ukiwa umebakiza mwaka mmoja. Hoja yako kubwa ni ile filamu ya Hollywood ya 2018, Crazy Rich Asians, mnayoirudia na wenzako kila mkikutana: kwamba wale waigizaji walikuwa hawajulikani, ikaja filamu moja ya mapenzi, ikawatoa wote. Ukamalizia kwa kusema baba hajui mambo ya filamu.

Mwanangu, baba yako ujana wake umeishia kwenye kibanda cha video. Huyo unayemwita mama mkwe mkali, Michelle Yeoh, mimi namfahamu kabla hujazaliwa. Televisheni huku Bara ilianza 1994; kabla ya hapo, na hata miaka mingi baada ya hapo, mtu akitaka sinema alikuja kukaa kwenye mabenchi yetu, akabanwa na jasho la jirani, mtafsiri kasimama kando ya runinga na maikrofoni anaongeza chumvi. Tulikuwa na kanda ya Police Story 3. Stelingi ni Jackie Chan, lakini kelele zilikuwa za yule mwanamke mwenye pikipiki. Anaikimbiza treni, anapanda kilima, anaruka nayo, anatua juu ya behewa linalotembea, pikipiki inaangukia huko, yeye anaviringika juu ya bati. Aliruka mwenyewe, na pikipiki alijifunza kuiendesha kwa ajili ya kazi hiyo. Wateja walikuwa wanadai turudishe nyuma, tunarudisha, wanadai tena, mpaka mkanda ukaanza kutoa michirizi pale pale anaporuka.

Hiyo ni 1992. Na hata hapo hakuwa mgeni. Kazaliwa Ipoh, Malaysia, 1962, akaenda Uingereza kusomea balei, akaumia mgongo, ndoto ya kucheza balei ikaishia hapo. Akawa Miss Malaysia 1983, akapata tangazo la biashara Hong Kong na Jackie Chan, kisha filamu za mapigano, ambazo hakuwahi kuzisomea popote. Akaolewa 1988 akaacha kuigiza, ndoa ikavunjika, akarudi, na hiyo ya pikipiki ndiyo kazi aliyorudi nayo. Mwaka 1997 akaingia kwenye filamu ya James Bond. Wewe ungedhani hapo ndipo alipotoka, sivyo? Baada ya Bond alikaa karibu miaka miwili bila kazi. Walikuwa wanamletea nafasi za mwanamke wa Kiasia yule yule wa siku zote, naye anakataa. Alikaa hivyo mpaka ikaja Crouching Tiger, Hidden Dragon iliyotoka 2000, ambayo lugha yake, Kimandarini, hakuwa akiijua. Alikariri sauti za maneno, na humo humo akachana kano za goti.

Kwa hiyo mwaka 2018 hawakumtoa. Alikuwa na zaidi ya miaka thelathini kazini. Alikubali kucheza Eleanor Young, mama anayemkataa mchumba wa mwanawe, kwa sharti kwamba asifanywe shetani tu wa hadithi. Alitaka mtazamaji aone anachokilinda yule mama. Angalia tena ile sehemu ya mwisho wanapocheza mahjong, ule mchezo wa vigae wa Kichina, binti anaacha kigae ambacho kingempa ushindi, halafu mama anabaki mezani na ule uso. Anafanya kazi yote kwa macho na kidevu. Hata ile pete ya zumaridi waliyoishangilia wenzako ni yake mwenyewe, alikuja nayo kutoka nyumbani kwake. Machi 2023, akiwa na miaka 60, akachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu nyingine kabisa, na mama yake mzazi, miaka 84, akiwa anatazama Kuala Lumpur. Nililia, usimwambie mama yako.

Najua utasema: na Henry Golding je? Huyu ndiye unayempenda, na hapa nakupa haki yako kidogo. Ni kweli, hakuwa ameigiza filamu yoyote kubwa. Kazaliwa Sarawak, Malaysia, mama wa kabila la Waiban na baba Mwingereza, akawa kinyozi London, akarudi Malaysia akiwa na miaka 21. Mwongozaji Jon M. Chu alimtafuta stelingi wa kiume kila mahali hakumpata, mpaka mhasibu mmoja wa huko Malaysia akakumbuka kijana mtanashati aliyewahi kukutana naye. Ukiishia hapo ni bahati tupu. Lakini huyo kijana alikuwa ameshakaa miaka mbele ya kamera akitangaza vipindi vya safari, vikiwemo vya BBC. Anajua kusimama, anajua taa iko wapi, anajua kuongea na lenzi kama anaongea na shangazi yake. Baada ya hapo alipata nyingi haraka haraka, kisha 2021 wakampa filamu kubwa ya mapigano, Snake Eyes, ashike yeye usukani, na haikurudisha gharama zake. Leo anaendelea kufanya kazi vizuri, mara stelingi, mara mmoja wa kundi. Sioni aibu hapo. Ila ule ufalme wa 2018 haukudumu.

Sasa nije kwa wale wawili ambao hujawataja hata kidogo, na mimi nashangaa kwa nini.

Yule baba wa kuchekesha, Ken Jeong, ni daktari. Simaanishi kwenye filamu. Alimaliza udaktari North Carolina 1995, akafanya mafunzo ya magonjwa ya ndani New Orleans, akaajiriwa hospitali California. Mchana anatibu, usiku anapanda jukwaani kuchekesha. Miaka mingi. Alipopata nafasi kwenye Knocked Up, 2007, alipewa acheze daktari, tena ndipo akaanza kuondoka hospitalini, na mkewe, naye daktari, ndiye aliyemsukuma. Mei 2018, miezi mitatu tu kabla Crazy Rich Asians haijatoka, alikuwa jukwaani Phoenix anachekesha, mwanamke mmoja ukumbini akapatwa na degedege. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Jamaa akaruka chini akaenda kumhudumia.

Gemma Chan, yule binamu mpole wa stelingi wa kiume, alisoma sheria Oxford. Akapewa nafasi kwenye kampuni kubwa ya mawakili London. Akaikataa, akaenda chuo cha uigizaji. Unaona nimekuwekea na huyu ingawa ananiharibia hoja? Ila tazama mpangilio: shahada kwanza, kukataa baadaye. Huwezi kukataa kitu ambacho hujapewa.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa, mwanangu. Nilichokiona kwa hawa watu ni kwamba waliofika mbali ni wale waliokuwa na uwezo wa kusema hapana. Hata filamu yenyewe ilianza kwa hapana. Netflix walikuja na fungu kubwa kuliko Warner Bros., wakaahidi na sehemu zote tatu. Mwongozaji na mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hiyo, Kevin Kwan, wakakataa hela hizo kwa sababu walitaka watu wainunulie tiketi, kwani filamu kubwa ya Hollywood ya maisha ya sasa iliyojaa waigizaji wa Kiasia haikuwa imetengenezwa kwa miaka 25. Iligharimu dola milioni 30, ikaingiza zaidi ya milioni 230 duniani. Lakini ni nani angeweza kukataa kama angekuwa anadaiwa kodi ya chumba?

Constance Wu hakuweza. Huyu ndiye stelingi wa kike, nafasi kama yako, kwa hiyo msome huyu kuliko wote. Alikuwa mhudumu wa mgahawa mwenye madeni ya chuo kabla hajapata tamthilia ya Fresh Off the Boat, 2015. Tamthilia hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane, na mkataba wake ndio uliomfunga. Ratiba ya tamthilia nusura imnyime filamu. Alimwandikia Jon Chu barua pepe kumweleza hadithi hiyo ina maana gani kwake, nao wakasogeza tarehe za kushuti wamsubiri. Filamu ikavuma, akawa jina kubwa. Mei 2019 tamthilia ikaongezewa msimu mwingine, na kwake hiyo ilimaanisha kuacha kazi nyingine aliyokuwa anaitamani. Akaandika hasira zake Twitter, maneno machache tu, makali. Watu wakamshukia. Wakamwita hana shukrani. Mwigizaji mwenzake wa Kiasia akamwandikia faraghani kwamba amekuwa aibu kwa watu wao. Alijaribu kujiua, rafiki yake akamuwahi na kumpeleka hospitali. Alikaa kimya karibu miaka mitatu, na 2022 ndipo akaeleza, na kwenye kitabu chake akaandika pia kwamba miaka ya mwanzo ya ile tamthilia prodyuza mmoja alikuwa akimsumbua kingono, naye akanyamaza asije akaharibu kazi ambayo watu wao wote walikuwa wanaiangalia.

Nakuandikia haya bila kukuficha kwa sababu umeshakuwa mtu mzima. Ustelingi una uso wa bango na una upande huu. Siku mtu yeyote huko lokesheni, awe prodyuza, awe nani, akikuambia nafasi yako inategemea ukarimu wako kwake, panda basi la usiku uje nyumbani. Nauli natuma mimi. Hakuna atakayekuuliza filamu imeishia wapi.

Na simu yako, mama, siku ukikasirika iweke kabatini.

Kuna mtu mwingine ambaye hayumo kabisa kwenye Crazy Rich Asians lakini ndiye iliyomgusa kuliko wengi. Ke Huy Quan, yule mtoto aliyeigiza kwenye filamu ya Indiana Jones ya 1984. Alipokua nafasi zikakauka, akaacha kuigiza, akasomea filamu, akafanya kazi nyuma ya kamera, pamoja na kupanga mapigano. Mwaka 2018 akaenda kuiangalia Crazy Rich Asians, akatoka na hamu ya kurudi. Amesema mwenyewe. Akapata nafasi kwenye ile ile iliyompa Michelle Oscar, na usiku ule ule naye akachukua yake. Unaipenda hadithi hii, najua. Kuna kipande ambacho mitandaoni hawakiweki: alipomaliza kushuti, kabla filamu haijatoka, hakupata kazi nyingine mwaka mzima, mpaka bima yake ya afya ikakatika.

Basi, kuhusu fedha. Adele Lim, mmoja wa wawili walioandika ile script, mzaliwa wa Malaysia, alipoitwa kuandika sehemu ya pili alikuta mwenzake Peter Chiarelli amewekewa kiasi kikubwa mno kuliko yeye. Ikaripotiwa 2019 kuwa yeye ni dola laki moja na kitu, mwenzake laki nane mpaka milioni. Akajitoa. Mwenzake alikuwa tayari hata kumgawia sehemu ya fungu lake, akakataa. Alikuwa na miaka ya kuandika tamthilia nyuma yake, hakulala njaa, na baadaye akaongoza filamu yake mwenyewe. Sehemu ya pili mpaka leo hatujaiona.

Sasa nirudi kwako. Mimi nimeuza na kukodisha kanda za wasanii wetu, sura zao zimejaa kwenye kava, na jioni tunapanda nao daladala moja. Walilipwa mara moja mkononi, wakasaini karatasi ambayo hawakuisoma, kanda zikaendelea kuuzwa miaka. Sitaki kukuzuia kuigiza. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaigiza jinsi bibi anavyokataa dawa, na bibi mwenyewe anacheka mpaka anaimeza. Kipaji unacho na sisi wote tumekiona. Ninachokataa ni wewe kuingia kwenye chumba cha prodyuza ukiwa huna pengine pa kwenda. Ukiwa na diploma ya famasia, wakikupa script ya kijinga unairudisha, unakaa duka la dawa miezi sita unasubiri nyingine. Bila hiyo utachukua yoyote.

Kwa hiyo fanya hivi. Muulize mkuu wa idara kama unaweza kuahirisha muhula mmoja bila kufutwa, na jibu lake liwe la maandishi. Muulize prodyuza kama kibali cha Bodi ya Filamu kimeshatoka, siku za kushuti ni ngapi, nani anawalisha, ukiumia nani analipa, na filamu ikiuzwa mtandaoni wewe unapata nini. Asipende maswali hayo, utakuwa umeshapata jibu. Mkataba ukipewa, usisaini hapo hapo hata wakikuambia gari linasubiri. Piga picha kurasa zote, na ile ya mwisho yenye maandishi madogo, unitumie. Mjomba wako ana rafiki wakili hapa mjini, amekubali kuusoma bure, ila anataka tumpelekee kabla ya Ijumaa.

Mama yako anauliza kama kuna mahali utambusu mtu. Mimi sijamjibu, mjibu mwenyewe.

Baba yako

Tanga