Ule mwiba wa 967 MHz

Mwanangu mpendwa,

Picha ya mwiba wako, ule mchomozo mwembamba kwenye mawimbi ya redio unaodhani umetoka kwa aksioni, nimeitazama. Hesabu umepatia: aksioni (chembe ya kinadharia, bado haijathibitishwa) yenye uzito wa maikro-elektrovolti 4, ikigeuka fotoni, yaani chembe ya mwanga, hutoa wimbi la 967 MHz. Inageukia kwenye plazima (gesi ya chembe zenye chaji) inayoizunguka nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kulipuka, pale penye elektroni kama bilioni 12 kwa sentimita ya ujazo. Penye pungufu au zaidi ya hapo, ugasumaku wa nyota unaoigeuza uwe mkali vipi, mgeuko ni hafifu.

Ila usishangilie bado. Kati ya 960 na 1215 MHz ndimo vinamosemea vifaa vya ndege vya kupimia umbali. Karoo, Afrika Kusini, penye darubini ya redio, wamefukuza simu na redio, lakini angani ndege zinapita. Kwa hiyo tengeneza picha ya anga kwa chaneli ile (kipande cha masafa chenye mwiba) peke yake. Ishara ya kweli itakaa kama nukta juu ya nyota yako ya nyutroni, J0806.4−4123, ya ndege itatapakaa michirizi picha nzima, na ukiikata data dakika tanotano utaiona hiyo ya ndege inakuja na kutoweka.

Ishara ikivuka hapo, tazama masafa yake yanavyohama. Novemba dunia inaiendea nyota hiyo, Mei inaikimbia. Kasi yetu ni kilomita 30 kwa sekunde, lakini nyota iko digrii 59 nje ya bapa la njia ya dunia, basi tunapata kama nusu tu: 50 kHz juu, 50 kHz chini. Mwiba wa duniani haubanduki. (Kama programu imesharekebisha masafa kwa kitovu cha mfumo wa jua, geuza: wa kweli unatulia, wa duniani unahama. Wengi huteleza hapa.)

Na hapa ndipo ninapokulaumu kidogo. Umetumia chaneli 4096 kwenye bendi ya 544 hadi 1088 MHz. Kila moja ni karibu 133 kHz, mhamo wote unaweza kumezwa humo. Isitoshe, mstari (yaani mwiba wenyewe) wenye upana wa 10 kHz ndani ya chaneli pana hivyo unadhoofika zaidi ya mara tatu dhidi ya kelele. Kuifidia kwa muda ungehitaji saa mara 13. Omba chaneli 32,768, kila moja chini kidogo ya 17 kHz. Nyembamba kuliko hapo usikimbilie: nyota inazunguka mara moja kwa sekunde 11.4, na plazima yake inautanua mstari.

Nitumie data ya Novemba na ya Mei, bila marekebisho yoyote.

Mzazi wako