Jiko mmeshalipia, sasa pikeni

Ndugu mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naomba nafasi kidogo kuhusu hizi safari za visiwa vya Karibi, maana kurasa za utalii kila siku ni picha za bahari na minazi tu, hakuna anayemwambia mtu atakula nini akifika na atanunua wapi, wakati pesa nyingi zinaishia hukohuko kwenye chakula.

Nasemea Sint Maarten, upande wa Waholanzi, ambako kuna resoti nyingi za taimshea, yaani mtu hanunui nyumba, ananunua wiki yake ya kukaa pale kila mwaka, na ada ya matengenezo analipa aende asiende. Shemeji yangu anayo wiki ya namna hiyo, tukaenda naye. Sasa jamani, vyumba vile vina jiko kamili, friji, sahani, kila kitu, na mtu kashalilipia, lakini unakuta familia nzima asubuhi mpaka usiku ipo mgahawani, na wengine ndo kituko kabisa, wanashuka kwenye ndege na boksi la barafu limejaa nyama toka Marekani kama vile wanaenda jangwani. Wanaobaki wanakimbilia kile kiduka cha resoti penyewe, ambako bei ya maziwa na mayai inakufanya urudishe mkono mfukoni.

Na kisiwa chenyewe kidogo tu, kilomita za mraba kama 87, toka 1648 kimegawanywa, kusini Waholanzi kaskazini Wafaransa, na mpakani hakuna geti wala wa kukuuliza paspoti, kwahiyo asubuhi moja unanunua vitu kwa pesa mbili tofauti na saa sita umesharudi unapika. Upande wa Waholanzi supamaketi zina bidhaa za Marekani na jibini za Gouda, dola wanapokea bila shida, ila pesa yao rasmi toka 2025 ni guilda ya Karibi na dola moja ni kama guilda 1.79, kwahiyo soma kibandiko vizuri kabla hujashtukia bei. Kwa Wafaransa ni yuro, na huko fuata mkate ule mrefu, siagi, jibini na divai, maana hapo hawana mpinzani. Migahawa mingine ya Grand Case, kijiji cha hukohuko kwa Wafaransa, wanakubali dola moja kwa yuro moja ukilipa keshi, lakini uliza kabla hujakaa. Halafu usije ukanunua birika la umeme upande wa Wafaransa ukalichomeka resoti, kule umeme ni volti 220 na huku ni 110, utasubiri chai mpaka uchoke.

Mimi lakini nilichokipenda ni soko la Marigot, mji mkuu wa upande wa Wafaransa, pale karibu na bahari, Jumatano na Jumamosi ndo siku zake. Karibu chakula chote cha kisiwa kinakuja kwa meli, na pale sokoni mazao mengi yanaletwa kwa boti toka visiwa vya jirani kama Dominica na Guadeloupe, magimbi, viazi vikuu, ndizi za kupika, maembe, pilipili mbuzi, yani unajisikia upo nyumbani. Kuna mama mmoja nilimuuliza gimbi lipi linaiva haraka, hatukuelewana lugha sana, akachukua kisu akakata kichwa cha gimbi, akanionyesha nyama yake nyeupe yenye vidoadoa vya zambarau, akaikwaruza kwa kucha, akatikisa kichwa na kulirudisha chini ya meza, akanitolea jingine. Huduma hiyo kwenye kiduka cha resoti utaipata wapi.

Samaki ndo pa kuwa makini. Samaki wakubwa wa miambani kama mzia wanaweza kuwa na sumu inaitwa ciguatera, huioni wala huinusi na hata uchemshe vipi haitoki, kwahiyo chukua jodari au felusi wa maji makuu, na muulize muuzaji kavuliwa wapi. Maji ya bomba yanatokana na bahari, yanachujwa chumvi, sisi tuliyanywa, sioni sababu ya kubeba makatoni ya chupa. Na kama unapita Simpson Bay, upande wa Waholanzi, uliza kwanza saa za daraja, likifunguliwa mashua zipite foleni inasimama na aiskrimu yako inakuwa uji.

Lawama yangu kwa wenye resoti ni moja. Mgeni akifika tu anaalikwa kifungua kinywa cha bure ili akalishwe kwenye kikao cha kuuziwa wiki nyingine, dakika 90 wanazosema zinavutika hadi mchana, lakini karatasi moja ya kumwelekeza soko na supamaketi ilipo hawana. Na jikoni wanaweka visu butu ambavyo hata nyanya havikati! Beba kisu chako kwenye begi la kukabidhi, sio la mkononi, na viungo vyako.

Mhariri, siku mkituma mwandishi huko, mwambieni aende sokoni Jumamosi asubuhi mapema na atuandikie bei za magimbi na samaki, hizo picha za bahari tunazo za kutosha.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.